Godoro la kukunja kwa ajili ya wageni na la kwenda nalo shambani

Shule zinapofungwa Juni na Desemba, nyumba nyingi za Newala na Masasi hujaa watu. Ndiyo miezi ya jando na unyago: mashangazi, wajomba na makungwi wanafika, na vitanda havitoshi. Msimu wa korosho nao ukianza, kuna familia zinazohamia mabandani shambani, ambako kila mtu hulala chini. Kwa walioko juu ya uwanda wa Makonde, usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mkeka mtupu hauwezi kuizuia.

Zamani watu wa pwani walisafiri na fumba, mkeka ulioshonwa pande kama mfuko, mtu akalala ndani yake. Godoro la sufi linaloelezwa hapa nalo linabebeka, na linafaa zaidi mahali penye shida ya maji: sufi haifuliwi, inaanikwa juani tu. Kinachofuliwa ni kava peke yake, na ndoo mbili za maji zinatosha.

Vifaa

- Vipande viwili vya marekani au pamba nyingine nzito, kila kimoja sentimita 224 kwa 84
- Sufi iliyochambuliwa, kilo 3 hadi 4
- Kitenge cha mita 4 na nusu kwa ajili ya kava
- Mkeka wa ukindu au turubai jipya la kutandika chini
- Uzi imara, sindano, na kamba mbili za kitambaa, kila moja mita 2

Namna ya kutengeneza

1. Okota maganda ya msufi yakianza kupasuka. Anika sufi, kisha ipige kwa fimbo nyembamba ili mbegu zidondoke. Fanya kazi hii mahali pasipo na upepo na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake linakohoza.

2. Weka vipande viwili vya marekani pamoja, shona pande mbili fupi na upande mmoja mrefu, ukiacha pindo la sentimita 2. Geuza ili mshono uingie ndani.

3. Piga mistari ya mshono kukatisha upana, kila baada ya sentimita 20. Utapata vyumba 11. Vyumba hivi huzuia sufi isikimbilie upande mmoja, na godoro hujikunja vizuri penye mishono.

4. Jaza kila chumba mpaka kifike unene wa sentimita 6 hivi. Usishindilie sana: sufi hutunza joto kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Funga upande uliobaki. Likishajaa, godoro hujivuta na kubaki na urefu wa karibu sentimita 190, unaomtosha mtu mzima.

5. Kunja kitenge katikati ya urefu wake na ushone pande mbili ndefu, upana ubaki sentimita 95. Mdomoni weka vikamba vya kufungia badala ya kushona, ili kava litoke kwa urahisi.

6. Tandika mkeka, weka godoro juu, viringisha vyote pamoja kuanzia kichwani, mkeka ukae nje. Funga kwa kamba mbili. Mzigo huu ni mwepesi na unafungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki.

Tahadhari

Usitumie kamwe mifuko iliyobeba salfa au dawa nyingine ya mikorosho, hata ikiwa imefuliwa na kuonekana safi. Salfa huwasha macho, ngozi na kifua, na mtu atailalia usiku kucha. Kwa kutandika chini, nunua turubai jipya au tumia mkeka.

Sufi hushika moto upesi sana. Kibatari, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali na godoro. Mgeni alalaye chini anahitaji chandarua chenye dawa kama anayelala kitandani. Pindo lake lichomekwe chini ya godoro pande zote. Kwenye sakafu ya udongo, ziba nyufa kwanza, maana papasi hujificha humo na huambukiza homa. Mtoto mchanga asilazwe kwenye godoro laini kama hili.

Matunzo

Mgeni akiondoka, vua kava ulifue, na godoro liache juani siku nzima ukiligeuza mchana. Kagua mishono: kunguni hupenda kukaa hapo. Lihifadhi likiwa kavu kabisa, juu ya dari au rafu, mbali na panya. Wakati wa masika lianike kila jua linapotoka, kwani sufi iliyopata unyevu hushikamana na kunuka.

Familia kadhaa zikichanga sufi na nguvu kazi, zinaweza kushona magodoro ya kuazimana. Nyumba yenye shughuli mwezi huu iyachukue, na yenye shughuli mwezi ujao iyapokee yakiwa na kava safi.