Tasnifu ya mwaka wa mwisho: anzia kwenu

Australia na Afrika Kusini, mwanafunzi wa sanaa anayetaka shahada ya heshima hubaki chuoni mwaka mmoja zaidi baada ya shahada ya kwanza. Mwaka huo huwa wa utafiti wake mwenyewe. Kwetu Tanzania hakuna mwaka huo. Shahada ya sanaa ni miaka mitatu, na tasnifu hubanwa katikati ya vipindi, majaribio na mitihani ya mwaka wa mwisho. Matokeo yake wengi huichukulia kama alama za kusogeza GPA kuelekea ile 4.4 ya daraja la kwanza, wakakimbilia hojaji ya maswali ishirini na majedwali ya asilimia. Naliona hilo ni hasara kubwa. Katika miaka yote mitatu, hii ndiyo kazi pekee ambayo swali ni lako na jibu halimo katika daftari la mwalimu.

Kwa kijana wa Tanga, Pangani, Muheza au Mkinga, ushauri wangu ni mmoja: ifanyie kwenu. Chukua swali dogo, unaloweza kulifikia kwa daladala au bodaboda na kurudi kulala nyumbani.

Kuna waliofanya hivyo na kazi zao zikabaki. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa likizoni kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee, na hadi leo wanahistoria huzirejea kurasa zao. Karibu na miaka hiyohiyo Daisy Sykes, akiwa mwanafunzi, aliandika juu ya babu yake Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Kleist alikuwa ameacha maandishi kuhusu maisha yake, na mjukuu akayafanyia kazi. Makala hiyo ilichapwa mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu alichokihariri John Iliffe, na huwezi kusoma kwa makini historia ya TANU, iliyochipuka kutoka chama hicho, bila kukutana nayo. Ilianzia kwenye karatasi zilizokuwa ndani ya familia.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda maktaba, uliza nyumbani. Nani ana barua za zamani, kitabu cha chama cha ushirika, kadi za TANU, picha za kikundi cha taarabu?

Kisha lipunguze swali mpaka likuumize. "Historia ya mkonge Tanga" haiandikiki kwa kurasa hamsini. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Likavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka pembe zote za nchi na nje yake, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Hayo yote yana vitabu vyake. Lakini ukiuliza wajukuu wa manamba waliobaki katika shamba moja la Muheza walipataje mahali pa kulima baada ya uzalishaji kuporomoka, hapo una tasnifu. Vivyo hivyo kwa taarabu. Usiandike juu ya "mchango wa vikundi vya Black Star na Lucky Star", andika jinsi waimbaji wanawake walivyopata ruhusa ya kwenda mazoezini usiku. Mwenye isimu anaweza kuchukua maelezo ya lahaja ya Kimtang'ata aliyoyachapa mwanaisimu Whiteley mwaka 1956, akaenda nayo Tongoni na kusikiliza ni kipi kati ya hayo bado kimo vinywani mwa vijana na kipi kimebaki kwa bibi zao.

Nina kipimo kimoja cha swali zuri. Je, unaweza kutaja watu watatu wa kuwauliza na hati moja ya kuisoma? Ukishindwa, badili swali mapema, kabla msimamizi hajalipitisha.

Kibali kitakula muda kuliko unavyodhani. Chuo hukupa barua ya utambulisho; unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mwisho mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kila meza ina siku zake, na kila meza hutaka nakala yake. Toa nakala nyingi, vaa heshima, na usiruke hatua hata kama mwenyekiti wa mtaa ni mjomba wako. Akija mtu kuuliza kwa nini unarekodi wazee, barua yenye mihuri ndiyo itakayowakinga wao na wewe.

Sasa jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipitia juujuu. Kufanya utafiti kwenu kuna faida na kuna mtego. Utakapopiga hodi na kumwamkia bibi, ataitikia marahaba, kisha atauliza: "Wewe mwanangu wa nani?" Jibu lako litafungua mengine na kufunga mengine. Akishajua ukoo wako, hatakueleza ugomvi wa shamba uliomhusu babu yako. Mambo mengine atayakata kwa "haya si unayajua," nawe kwa adabu utaitikia. Usiitikie. Mwambie: "Bibi, nifanye mgeni, nieleze tangu mwanzo." Wazee wengi hulipenda ombi hilo, na hapo ndipo huja maelezo usiyoyatarajia. Kwa yale yanayogusa familia yako, tafuta msimulizi wa upande wa pili, na uandike wazi katika sura ya mbinu kwamba wewe ni wa ukoo fulani. Mtahini mzuri atakuheshimu kwa hilo.

Omba ridhaa kabla ya kuwasha simu kurekodi, na ueleze kwamba huna fedha wala mradi unaokuja nyuma yako. Pwani hii imeona watafiti wengi, kuanzia wa miradi ya hifadhi ya bahari hadi wa bomba la mafuta la Chongoleani, na watu wana haki ya kuuliza watapata nini.

Panga siku zako kwa kalenda yao. Akina mama wanaochokoa pweza huwa miambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Wafuate wakati wa maji mafu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Ramadhani usimwendee mtu alasiri kumtaka azungumze kwa saa mbili.

Andika maelezo yako jioni ileile. Saa moja ya sauti inaweza kula siku nzima ya kunukuu, kwa hiyo mahojiano kumi yaliyonukuliwa neno kwa neno yana thamani kuliko arobaini yaliyolala kwenye simu. Kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, iache kauli ya msimulizi kwa Kiswahili chake, tafsiri ifuate chini yake.

Hati nazo zina mahali pake. Majalada ya serikali ya kikoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu ina tasnifu za waliokutangulia. Fanya kazi hiyo muhula ukiendelea, likizo uiachie uga. Tanga kwenyewe, pita Makumbusho ya Urithi na Bodi ya Mkonge, ukiwa na barua yako mkononi.

Kwa msimamizi, peleka kurasa. Ukienda kueleza kwa mdomo utarudi na maneno ya kutia moyo tu. Ukimpa kurasa tano mbovu atakuonyesha zilipoharibika. Anza na sura ya ulichokikuta, utangulizi uuandike mwisho.

Na ukishafaulu, toa nakala zaidi ya ile ya chuo. Moja ipeleke maktaba ya mkoa, nyingine ofisi ya kijiji au mtaa uliokupokea, na kwa wazee waliokusimulia rudi ukawasomee sehemu zao kwa Kiswahili. Kazi nyingi za wanafunzi juu ya Tanga ziko kwenye rafu za Dar es Salaam, na waliozisimulia hawajawahi kuziona. Usiiache yako iende huko peke yake.