Neno "Clerk" na Maana Zake

Muhula huu tulisoma habari za Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyekufa mwaka 1400. Katika hadithi zake za mahujaji waendao Canterbury yumo "Clerk" wa Oxford. Mwalimu aliponiuliza maana ya neno hilo, nalijibu upesi, "Ni karani." Akacheka, akasema, "Karani gani huyo asiye na ofisi, apendaye vitabu 20 kitandani pake kuliko mavazi ya fahari?" Naliona haya, nikaenda kutafuta katika kamusi.

Nalikuta hivi. Neno hilo latoka katika Kilatini, clericus, yaani mtu wa kanisa. Zamani zile huko Uingereza, waliojua kusoma na kuandika walikuwa hasa watu wa kanisa. Basi "clerk" akawa pia mtu wa elimu, na ndiye yule wa Oxford. Wafalme nao waliwatumia watu hao kuwaandikia barua na hesabu. Ndipo ikapatikana maana ya karani tuijuayo leo.

Hata mahakamani kusoma kulikuwa ngao. Mshtakiwa aliyeweza kusoma aya ya Biblia alihesabiwa kuwa mtu wa kanisa, na kwa makosa mengi aliepuka kunyongwa. Desturi hiyo ilifutwa mwaka 1827.

Basi, wenzangu, mkikutana na neno la kale msilivike maana ya leo. Ulizeni kwanza: liliandikwa lini, na nani alilitumia? Mimi nalijifunza kwa kuchekwa. Ninyi jifunzeni kwa kusoma.