Ajali za Barabara Yetu Tuziweke Kwenye Ramani

Kati ya Goma na Sake, mwendo wa kilomita kama 25, barabara ya taifa namba 2 hupita Mubambiro. Lori la makaa, pikipiki yenye abiria wawili, chukudu, kile kigari cha mbao, iliyosheheni viazi, mama mwenye mzigo mgongoni na watoto wa shule, wote wanagombea njia hiyo moja. Ajali ikitokea watu hujaa, majeruhi hukimbizwa kituo cha afya, na baada ya siku chache mahali pale husahaulika. Kisha mwingine anaanguka palepale. Ramani haisahau, na kuitengeneza kunahitaji simu, subira na watu wachache wanaoaminiana.

1. Kubalianeni cha kuandika. Fomu iwe fupi: tarehe, saa, mahali, nani kagongana na nani, wangapi waliumia, wangapi walifariki, mvua au jua. Jina la majeruhi halihitajiki. Programu ya KoboToolbox inafaa, kwa kuwa fomu hujazwa bila intaneti na kutumwa mtandao ukipatikana.

2. Pata nukta sahihi. Simama kando ya barabara, mahali pa wazi, usubiri hadi GPS ya simu ioneshe usahihi wa mita 10 au chini yake. Ukinakili tarakimu kwa mkono, angalia alama ya kutoa. Mubambiro iko kusini mwa ikweta, karibu latitudo -1.6. Ukiiacha alama hiyo, ajali yako itaruka kilomita zipatazo 350 hadi upande wa Mambasa, Ituri.

3. Uliza wengi, kisha ondoa marudio. Wamotari, yaani waendesha pikipiki, kwenye kituo chao, wauguzi na mafundi wa pikipiki, kila mmoja ana kipande cha habari. Lakini ajali moja huweza kusimuliwa mara tatu. Watafiti waliosoma jumbe za Twitter kuhusu barabara za Nairobi, za miaka ya 2012 hadi 2020, walipata taarifa 32,991 za ajali. Walipounganisha zile zilizofanana kwa mahali na wakati, zilibaki ajali 22,872. Baadhi ya taarifa walizihakiki kwa kutuma waendesha pikipiki hadi eneo la tukio. Sisi wamotari tunao tayari.

4. Isome ramani kwa makini. Fungua nukta zako kwenye QGIS, programu ya bure, juu ya ramani ya OpenStreetMap. Tafuta nukta zilizokaribiana ndani ya mita 50, kisha zitenganishe: za usiku na za mchana, za wanaotembea kwa miguu na za pikipiki. Usikimbilie hukumu. Mbele ya soko nukta huwa nyingi kwa sababu watu ni wengi. Kaa hapo saa moja uhesabu vinavyopita, ufanye vivyo hivyo kwingine, ndipo ulinganishe.

5. Rudi mahali penyewe. Nenda saa ileile ambayo ajali hutokea. Ramani itakuambia wapi, ila sababu utaiona kwa macho: shimo linalomlazimisha motari kuhama upande, kona iliyofunikwa na majani, au lori lililoegeshwa ambalo watoto hujitokeza nyuma yake ghafla.

Na hapa kwetu kuna sharti la usalama. Mwarifu mkuu wa kijiji kabla ya kuanza. Usipige picha askari wala vizuizi vya barabarani, wala usiviweke kwenye ramani. Palipo na wasiwasi, acha simu mfukoni. Uhai wako una thamani zaidi kuliko nukta.

Mkimaliza, chapisheni ramani kwenye karatasi moja, mahali pabaya zaidi pazungushiwe duara. Ipelekeni kwa mkuu wa kijiji, shuleni na kwa chama cha wamotari. Kufukia shimo, kufyeka majani na kuhamisha maegesho hakungoji msaada wa mbali. Ajali itakayofuata iandikeni, ili mwenzenu asianguke palepale.