Unaenda Ng'ambo kwa Upasuaji wa Urembo? Hesabu Pia Siku za Kupona

Baadhi ya Wakenya husafiri hadi Uturuki au India kupunguzwa mafuta ya tumbo au kuongezwa makalio. Bei huvutia, hasa ikijumuisha hoteli na tiketi. Lakini tarehe ya tiketi ya kurudi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kuketi saa nyingi ndani ya ndege huzidisha hatari hiyo. Donge likifika mapafuni, linaweza kuua. Kwa hivyo, aliyepasuliwa tumbo au kifua hushauriwa asubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Nani atanipasua, na amesajiliwa wapi?
2. Nitakaa huko siku ngapi baada ya upasuaji?
3. Nikirudi nyumbani, nani atakagua kidonda?

Rudi na ripoti ya upasuaji. Mguu mmoja ukivimba, ukipumua kwa shida au kidonda kikitoa usaha, hata baada ya wiki kadhaa, nenda hospitali mara moja. Usifiche kwamba ulipasuliwa. Daktari anahitaji kujua.