Ndizi, Mapera na Oti: Kitindamlo cha Krismasi Kisii na Nyamira

Desemba, magari kutoka Nairobi hupita Narok, Bomet na Sotik yakielekea Kisii na Nyamira, yamejaa jamaa wanaorudi nyumbani na keki za dukani zenye krimu ya rangi. Huku nyuma ya nyumba wanazoendea, mikungu ya ndizi inaiva na mapera yanadondoka. Naona ni hasara kusafirisha sukari karibu kilomita 300 hadi kwenye boma lenye utamu wake.

Kitindamlo ninachopika hakitiwi sukari kabisa. Chini ni matunda, juu ni oti na unga wa wimbi, kisha vinaokwa pamoja.

Siri iko kwenye ndizi. Sharti ziwe na madoa meusi, kwa maana hapo wanga umekwisha kugeuka sukari. Zikiwa bado ngumu, zifungie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na parachichi lililoiva. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye tunda hilo huziivisha upesi. Menya sita, uzikatekate. Chemsha mapera manane kwa maji kidogo, uyaponde, uyapitishe kwenye chujio ili mbegu zibaki, halafu changanya rojo hilo na ndizi. Tia mdalasini na iliki.

Wimbi ndilo nafaka ya Wagusii tangu kabla ya mahindi, nalo bado husongwa obokima, ugali wao. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi. Halina gluteni, kwa hiyo keki ya wimbi tupu hubomoka. Lakini tabaka la juu la kitindamlo hiki linatakiwa limumunyuke, na hapo udhaifu huo unakuwa sifa. Sokoni Keroka au Daraja Mbili, omba wimbi lenyewe. Unga wa uji mara nyingi umechanganywa na mtama na muhogo.

Oti hununuliwa dukani. Chagua zile bapa nzima, si za kuiva mara moja, ambazo hugeuka uji. Zina nyuzi za beta-glukani, ambazo mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizikubali kuwa husaidia kupunguza kolesteroli. Mji wa Kisii uko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo oti huchelewa kulainika. Nyunyizia vikombe viwili vya oti vijiko vinne vya maziwa, uache robo saa. Ongeza nusu kikombe cha wimbi, karanga zilizotwangwa, chumvi kidogo na theluthi ya kikombe cha mafuta. Vuruga kwa vidole mpaka mabonge madogo yatokee, umwagie juu ya matunda.

Kwenye oveni, nyuzi 180 kwa dakika 40. Wengi vijijini hawana oveni, na hawaihitaji: tandaza mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, uupashe moto jikoni, weka sufuria ndogo ndani, funika, kisha panga makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo ndizi zitaungua kabla oti hazijapata rangi.

Waadventista ni wengi sana Gusii, na kwao mapishi humalizwa Ijumaa kabla ya jua kutua. Krismasi ya 2026 inaangukia siku hiyohiyo, kwa hiyo sufuria moja iliyookwa asubuhi itatosha mlo wa sikukuu na wa Sabato. Ifunike, uiweke mahali pa baridi. Kesho yake matunda yatakuwa yameshikana, na ni rahisi kukata vipande. Juisi ya pasheni na maziwa mala vimwagwe wakati wa kupakua tu, maana vikikaa hulowesha oti.