MWAKA 1931: HESABU KWA MWENYE MIBUNI



Mwisho wa mwaka wengi huhesabu fedha zilizoingia, kisha huona kazi ya hesabu imekwisha. Yafaa kuhesabu na miaka pia. Basi tuutazame mwaka 1931, na kahawa ya Kilimanjaro.

Kabla ya mwaka 1929 bei ya kahawa ilikuwa njema. Wachaga walipanda mibuni vihambani, kati ya migomba, na tangu 1925 walikuwa na chama chao cha wapandaji. Lakini si wao peke yao waliopanda. Watu wa Brazili, nchi itoayo kahawa kuliko zote, walipanda vilevile. Na mbuni hauzai upesi, hungoja miaka mitatu au minne. Kwa hiyo miti mingi iliyopandwa kwa tamaa ya bei kubwa ilizaa wakati bei imekwisha kuanguka. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, wanunuzi wakapungukiwa na fedha, kahawa ikarundikana ghalani. Mwaka 1931 Brazili wakaanza kuichoma moto, na hata kufika 1944 walikuwa wameteketeza magunia zaidi ya milioni 70. Fikiri jasho lililopotea katika moshi ule!

Kodi nayo haikungoja bei ipande. Chukua mfano huu. Mtu atafuta shilingi 12. Ratili moja ikileta senti 60, atauza ratili 20. Bei ikishuka hata senti 30, hana budi kuuza ratili 40, wala mbuni hauzidishi matunda kwa kuwa mwenyewe ana shida.

Migomba ndiyo iliyolisha nyumba. (Nasikitika kila nionapo mtu aking'oa migomba apate nafasi ya mibuni.) Mwaka 1933 wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, huko Moshi, wauze kahawa yao kwa pamoja. Ushirika hauwezi kuiamuru bei ya dunia, lakini mkulima mmoja mwenye gunia moja hana nguvu mbele ya mnunuzi.

Basi ukiuza msimu huu, andika daftarini: ratili ngapi, bei gani, na miche mingapi iliyopandwa na jirani zako. Hesabu hii ya tatu ndiyo isahauliwayo. Nawe kabla ya kununua miche mipya, fungua kwanza ukurasa wa miaka minne iliyopita.