Kabla Hujampa Jibu, Muulize

Somo: Luka 10:25–37



Nilipopewa jukumu la kuwasimamia walimu wetu wa shule ya Jumapili, nilidhani kazi yangu ni kuwa na majibu. Nilisomea biashara, na niliamini meneja mzuri ni yule anayetatua haraka. Basi mwalimu mmoja akaniambia, "Pasta, watoto hawanisikilizi." Hata sikumwacha amalize. Nikampa mambo matano ya kufanya. Akaandika yote, akashukuru. Baada ya wiki tatu akanirudishia rejista, akasema anapumzika.

Siku hiyo sikuwa na ushauri tena. Nikamuuliza tu, "Dada, ni wakati gani hasa unawapoteza?"

Akafikiri. "Nikianza kusoma andiko refu."

"Na ni lini walikusikiliza vizuri?"

Akatabasamu. "Ile Jumapili waliigiza Zakayo. Mmoja alipanda juu ya kiti!"

Nikanyamaza. Akasema mwenyewe, "Kumbe waigize kwanza, halafu ndio tusome."

Jibu hilo halikuwa kwenye yale matano yangu. Akachukua rejista yake, na mpaka leo anafundisha.

Mwangalie Yesu. Mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani. Bwana angemjibu kwa sentensi moja. Badala yake alimsimulia habari za Msamaria, kisha akamrudishia swali: kati ya wale watatu, jirani ni yupi? Jibu likatoka kinywani mwa mwanasheria mwenyewe. Hata Bartimayo kipofu, ambaye shida yake ilionekana wazi, aliulizwa kwanza anataka nini (Marko 10:51).

Lakini si kila swali ni swali. "Mbona hukujitayarisha?" ni kofi. "Huoni ungetumia picha?" ni amri iliyovaa nguo ya swali. Swali jema ni lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, na uko tayari kungoja. Ila kama ni jambo la usalama wa mtoto, usikae kuuliza maswali ya kumfundisha mtu. Sema wazi na uchukue hatua.

Wiki hii, mwalimu, mzazi au kiongozi wa seli akikuletea shida, jaribu haya matatu:

1. Ni nini hasa kinachotokea?
2. Ni lini kilienda vizuri, na ulifanya nini siku hiyo?
3. Jumapili ijayo utajaribu nini?

Halafu nyamaza, mpendwa. Kwangu mimi hapo ndipo pagumu.

Ombi: Bwana, nipe sikio kabla ya ulimi. Amina.